Prof wa Salfeti

Siku ya kwanza niliyokaa darasani kwa Prof, tulilia wote, naye akiwamo. Alikuwa ameleta vitunguu vitatu kutoka soko la Madisi, akavikata vipande vidogo vidogo juu ya meza ya mchungaji. Kanisa letu lilikuwa na madirisha mawili tu, kwa hiyo haikuchukua muda. Akatuacha tufute macho, kisha akauliza ukali ule umetoka wapi. Mtu mmoja nyuma akasema umetoka kwa Mungu. Prof akakubali, ila akataka kujua Mungu aliupitisha wapi hadi ukafika ndani ya kitunguu.

Prof ndivyo Wakongo tunavyomwita mwalimu yeyote wa sekondari. Pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, walikuwapo maprof wengine, basi huyu tulimwongezea neno, tukamwita Prof wa Salfeti. Alilijua jina hilo na nadhani alilipenda. Shuleni tulifundishwa kwa Kiingereza, na wengi wetu tuliotoka Uvira na Fizi, mashariki mwa Kongo, pamoja na Warundi, tulikuwa tunaambulia nusu ya maneno. Ndiyo maana alasiri tulikwenda kwake pale kanisani, atufundishe upya kwa Kiswahili yale tuliyoyakosa asubuhi. Hakuna aliyemtuma kufanya kazi hiyo.

Salfa, alitueleza, imo udongoni. Ikiyeyuka kwenye maji kwa namna fulani inaitwa salfeti, na mizizi inaitaka. Lakini seli ya mzizi imezungukwa na utando wenye mafuta, na salfeti haiwezi kupenya mafuta. Kwa hiyo seli imejenga mlango kwenye utando wake, mlango wa protini, unaoijua salfeti na kuiingiza ndani. Kitunguu huichukua salfa hiyo na kutengenezea ukali wake. Mpaka hapo alikuwa mwalimu kama walimu wengine. Kilichomfanya aanze kutembea huku na huku, koti lake la kahawia likipepea, ni jambo lililofuata: mlango wa namna ile haumo kwenye kitunguu peke yake. Umo kwenye bakteria wa matope, kwenye hamira inayoumua mandazi, kwenye uyoga, kwenye mahindi, kwenye samaki, na kwetu sisi.

"Muangalie muzuri," alisema. "Ile iko mu bakteria na ile iko mu mwili yako ni bandugu. Baliachana zamani sana, lakini sura ingali moja."

Kwa darasa la watu ambao kila mmoja alikuwa na ndugu asiyejua aliko, maneno hayo yalisikika vizuri.

Alitoka wapi hasa na alifikaje Malawi, hakupenda kusema, nasi hatukuuliza. Tulijua tu kwamba huko Kongo aliwahi kuwa msaidizi kwenye chuo kimoja, na kazi yake ya kumalizia masomo ilihusu namna maharage yanavyonyonya salfeti. Daftari la kazi hiyo alikimbia nalo. Lilikuwa limelowa, likakauka, kurasa zikashikana mafungumafungu, naye aliweza kusoma hata kurasa zisizofunguka, kwa sababu alizijua kwa moyo.

Koti lile alilivaa hata mwezi wa kumi, joto la wilaya yetu ya Dowa linapomfanya kila mtu atafute kivuli. Chai aliinywa bila sukari. Alishukuru mara tatu kwa kila jambo, kwa Kichewa, kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, hivi kwamba ukimpa maji ilikubidi usubiri zikomo, merci na asante zipite ndipo uondoke. Na alikuwa na swali lake. Ukimwambia mvua ya mwaka huu ni ndogo kuliko ya mwaka jana, atauliza, "Umepima?" Ukimwambia mtoto wako amerefuka, atauliza, "Umepima?" Siku moja mchungaji alihubiri kwamba dhambi za kambi zimezidi za mjini, na watu wote wakageuka kumtazama Prof. Alijizuia, lakini tuliuona mdomo wake ukiunda neno.

Nimemwona akilitumia swali hilo kumwokoa mtu. Mwaka mmoja mahindi ya watu wa upande wetu yalianza kugeuka manjano. Yalikuwa kwenye mashamba tuliyokodi kwa Wamalawi nje ya kambi. Shamba moja tu lilibaki na rangi yake, la kikongwe mmoja wa Kirundi, mjane, aliyeishi peke yake. Maneno ya uchawi yakaanza. Ilipofika Alhamisi kulikuwa na kundi la watu shambani kwake, na baadhi yao walikuwa wamekuja na fimbo. Prof alipita katikati yao bila kusalimia, jambo ambalo si kawaida yake, akang'oa mmea mmoja hapa na mwingine pale, akauliza nani amepima. Kisha akawaonyesha. Kama majani ya chini, yale ya zamani, ndiyo yanayoanza kugeuka manjano, mmea unalilia nitrojeni. Haya yamegeuka manjano juu, majani machanga, kwa hiyo unalilia salfa. Kikongwe alikuwa akimwaga majivu na samadi shambani mwake tangu alipofika. Wengine walikuwa wametumia mbolea ya aina moja tu miaka yote. Akawaambia msimu ujao watafute mfuko wa mbolea ambao mwisho wa tarakimu zake kuna herufi S.

Watu walirudi makwao na fimbo zao. Msimu uliofuata mahindi yalikuwa ya kijani hadi barabarani, na yule kikongwe, mpaka alipofariki, alimletea Prof bakuli la maharage kila mavuno.

Nyumba yetu na ya Prof zilitenganishwa na ua wa mabua. Mkewe tulimwita Mama Mapendo. Alikuwa mwanamke mrefu, mcheshi, aliyeshona vitambaa vya meza na kumcheka mumewe waziwazi kwa sababu ya lile koti. Mapendo, mtoto wao wa kwanza, alizaliwa pale kambini. Mikono na miguu yake ilikuwa mifupi, nyayo zimegeukia ndani, na vidole gumba vimesimama kando, mbali na vingine, kama vya mtu anayesimamisha gari barabarani. Alipokuwa mchanga masikio yake yalivimba, kisha yakanywea na kubaki magumu. Akili yake ilikuwa kali kuliko ya watoto wote wa mtaa wetu.

Prof alimpenda mno. Viatu vya dukani havikumfaa, basi alimkatia mwenyewe kandambili za tairi, kila mguu na umbo lake, akazisugua kingo kwa jiwe zisimchubue. Walipokwenda kliniki alimpandisha kwenye kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, na badala ya kukodi baiskeli ya pili alitembea kando, mkono mmoja ameushika mguu wa mtoto, akimwelekeza mwendeshaji aepuke mashimo. Mwendeshaji alilazimika kwenda mwendo wa mtu anayetembea. Watu walicheka, naye hakujali.

Nilisoma kwa Prof miaka mitatu, na kila mwaka somo la salfeti lilikwenda hivyohivyo. Tulianza na vitunguu, tukaja kwenye hamira, tukaja kwenye mahindi. Alipofika kwa binadamu, alisema kwamba sisi pia tunayo milango hiyo, ya aina nyingi, na kwamba gegedu, ule mfupa laini ambao mifupa ya mtoto huanzia, haiwezi kukua vizuri bila salfeti. Kisha akafunga daftari. Mwaka wa tatu nilinyoosha mkono, nikamuuliza inakuwaje kama mlango ni mbovu.

"Inategemea ni mulango gani," akasema, na siku hiyo tukaondoka mapema.

Juma lililofuata alikuja na maharage ya rangi mbili, meupe na yenye madoa. Alitufundisha urithi. Kila mtu ana punje mbili za jambo moja, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye punje moja mbovu haonekani na kasoro yoyote, anaishi nayo mpaka anazeeka. Wakikutana wawili wa namna hiyo, kila mtoto wao huokota punje moja kutoka kila mkono, na yupo atakayeokota mbovu mbili. Alituita mbele tuokote. Aliirudia mara kadhaa: baba anatoa moja, mama anatoa moja, hakuna anayeleta zote mbili. Nilielewa vizuri. Nilielewa hata alikuwa akimzungumzia nani, maana wakati huo Mama Mapendo alikuwa mjamzito tena.

Mtoto wa pili alikuwa mvulana. Alizaliwa na miguu na vidole gumba kama vya dada yake, na kifua chake kilikuwa kidogo. Alipumua kwa shida siku tisa.

Wiki mbili baada ya maziko, siku ya Jumamosi baada ya chakula cha mchana, nilikuwa uani kwao nikimsaidia Mama Mapendo kuchambua maharage. Akaja kaka mkubwa wa Prof, aliyekaa upande mwingine wa kambi, pamoja na wazee wawili wa ukoo wao na mama mmoja wa maombi. Walipewa viti. Walisali kwanza. Kisha yule kaka akazungumza, bila kupandisha sauti, huku akimtazama Prof kana kwamba shemeji yake hayupo.

"Mara ya kwanza tulinyamaza. Sasa ni ya pili. Hii kintu haitoke kwetu. Huyu mwanamuke aseme ni nini alileta mu hii nyumba."

Mama Mapendo aligeuza uso akamtazama mumewe. Nami nikamtazama. Nilikuwa na hakika atasimama, kama alivyosimama shambani kwa yule kikongwe, kwamba atachukua maharage kwenye ungo wetu na kuwafundisha wazee hao palepale. Prof alipangusa goti la suruali yake. Akalipangusa tena.

"Hatuna kipimo," akasema. "Bila kipimo, siwezi kusema kintu."

Yule kaka aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilolifuata. Mama wa maombi akapanga siku tatu za kufunga, za Mama Mapendo peke yake, na akasema akimaliza aungame kile alichokificha. Maneno yote yalikuwa mdomoni mwangu, kwa mpangilio uleule niliofundishwa na yule aliyekaa mbele yangu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na wale walikuwa wazee. Niliinamisha kichwa nikaendelea kuchambua.

Mama Mapendo alifunga zile siku tatu. Hakuungama kitu kwa sababu hakuwa na kitu. Kabla mahindi hayajakauka shambani, alimfunga Mapendo mgongoni, mtoto wa miaka saba, akapanda lori la nyanya lililokuwa linakwenda Lilongwe. Aliniaga mimi na mama yangu. Prof alikuwa darasani.

Baada ya hapo watu walizidi kumsifu Prof, na hawakukosea. Mtoto wa kifafa alipofukuzwa kwenye ibada, Prof ndiye aliyekwenda kumrudisha. Msichana aliposemwa vibaya kwa sababu ya ugonjwa wa ngozi, Prof alikwenda nyumba kwa nyumba kueleza. Angeweza kutembea nusu siku kumtetea mtu asiyemjua. Somo la salfeti aliendelea nalo, ila sasa aliishia kwenye mahindi. Nilimheshimu na nilimchukia, siku nyingine yote mawili ndani ya saa moja.

Kila baada ya miezi kadhaa alimpa mtu anayekwenda mjini kandambili mpya za tairi azifikishe kwa Mapendo. Hakuweka barua. Nilipoolewa na Mmalawi fundi baiskeli tukahamia Chilinde, mtaa wa Lilongwe, nikawa mimi ninayezipokea na kuzipeleka. Mama Mapendo alikuwa akifua nguo kwenye nyumba za watu mtaa wa Area 18, naye na binti yake walikaa chumba kimoja nyuma ya soko letu. Alizipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, hakuuliza habari za aliyezituma. Kandambili zilikuwa ndogo, kila mara. Prof alikuwa akikata kwa kumbukumbu ya mguu wa mtoto wa miaka saba, akiongeza kidogo kwa kukisia, na Mapendo alikuwa amekua kuliko kukisia kwake. Ukutani kwao kulikuwa na msumari zilikoning'inizwa, jozi juu ya jozi.

Mapendo alipasuliwa miguu katika hospitali ya mjini, akaweza kutembea kwa magongo. Akajifunza kushona. Leo ana kibanda chake hapo Chilinde, na cherehani ya kuzungusha kwa mkono, na vidole vyake visivyokunjika hushika kitambaa kwa namna yake mwenyewe, na mishono yake ni minyoofu. Ana miaka ishirini na miwili. Mama yake aliugua mwaka huu baada ya mvua kwisha, figo, wakasema, na hakumaliza miezi miwili. Tulituma habari kambini. Kaka wa Prof alikuwa amekwisha kufa, na Prof mwenyewe tuliambiwa hajapata karatasi ya ruhusa ya kutoka. Tulimzika bila yeye.

Alifika baada ya wiki tatu, asubuhi, nikiwa kibandani kwa Mapendo nikisubiri sare za wanangu. Koti lilikuwa lilelile, ila ndani yake alikuwa amepungua sana. Masikio yalikuwa yamemchoka. Ilibidi useme kwa nguvu, naye akageuza upande wa kulia kukupokea. Alituambia kwamba hata ndani ya sikio yumo mmoja wa ile familia yake ya protini, anayesaidia kukuza sauti, kwa hiyo imemfikia na yeye. Hakuna aliyecheka. Mapendo alimpa kiti, akaendelea kushika kitambaa.

Prof aliuliza habari za ugonjwa na za maziko, nasi tulimjibu kwa kupaza sauti. Kisha akazungumza kwa nguvu kupita kiasi, kama wanavyozungumza wasiojisikia.

"Mapendo, mi nilijua. Siku ulizaliwa niliona bidole byako, nikajua. Kwetu kulikuwa mutoto kama weye. Dada yangu. Yaya yangu, mukubwa wangu, alimujua pia, alimubeba mu mikono. Nusu ilitoka kwangu, nusu kwa mama yako. Nilinyamaza juu ya kuona haya. Kipimo haikukuwa sababu."

Miaka yote nilidhani alikosa ujasiri wa kusema jambo alilolikisia. Kumbe alikuwa na dada, na yule kaka aliyekaa kwenye kiti uani akasema haitoki kwetu, alikuwa amembeba.

Mapendo aliweka mkasi chini. "Mama alijua," akasema.

Prof akageuza sikio. Mapendo akarudia, kwa nguvu sasa, hivi kwamba mwanamke aliyeuza nyanya ng'ambo ya njia aligeuka kututazama.

"Mama alijua, Papa. Munganga wa hospitali alituelezea wakati nilikuwa na miaka kumi na mbili. Aliangalia picha ya mifupa, akasema inatoka kwa bote babili. Mama alikuwa anangoja we umwambie."

Prof aliuliza kwa nini basi hawakumletea hata neno. Mapendo akamweleza, akitulia kila baada ya sentensi ili afuate: mama yake alimkataza. Alisema likitoka kwa munganga ni habari, na likitoka kwa mtoto ni lawama. Alitaka litoke kwa mumewe, kwa hiari yake. Kila mara kandambili zilipokuja alizipapasa kwanza ndani, kuona kama safari hii kuna karatasi. Miaka kumi.

Prof alikaa pale mikono ikiwa magotini. Kisha aliniomba mimi, si binti yake, nimpeleke makaburini.

Kaburi lilikuwa bado ni kifusi chenye msalaba wa mbao. Alivua koti, akalikunja, akaliweka kwenye nyasi; sikuwahi kumwona bila hilo koti. Kisha alisema yote, kwa ile sauti kubwa, polepole, tangu mwanzo. Alimtaja dada yake kwa jina. Alieleza jinsi walivyomficha chumba cha nyuma wageni walipokuja. Alitaja siku ile ya Jumamosi, na wazee wawili, na mama wa maombi, na siku tatu za kufunga. Wanaume wawili waliokuwa wakichimba kaburi la mtu mwingine waliacha majembe wakasikiliza, ingawa Kiswahili hawakukijua. Alipomaliza aliniuliza kama nadhani amesema kwa sauti ya kutosha. Nikamwambia ndiyo.

Tuliporudi kibanda kilikuwa kimefungwa. Tulisubiri kidogo. Karatasi yake ya ruhusa ilikuwa ya siku moja, basi nikamsindikiza hadi magari ya kwenda Dowa, na hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipomwona.

Kesho yake nilikwenda kuchukua zile sare. Mapendo alikuwa akishona ukosi, hakuinua macho. Aliuliza kama baba yake alisema kule makaburini. Nikamwambia alisema. Akauliza kama alisema yote. Nikamwambia yote.

"Yaya Faida," akaniambia, "na ule dada yake? Jina yake ilikuwa nani?"

"Sifa," nikamwambia.

Akalirudia jina hilo mara moja, taratibu, kama mtu anayejaribu nguo. Kisha akataka kujua shangazi yake aliishi mpaka umri gani. Nikabaki nimeshika sare mkononi, kwa sababu jambo hilo sikuwa nimemuuliza Prof.